Kutoka Bibi Mpaka Babu

Ukungu wa Newala haujaamua kuondoka.
Madumu yamepanga foleni kabla ya wenyewe,
la njano, la buluu, moja limezibwa kwa gunzi,
na Chitanda wa kioski, kabla hajafungua koki,
anafuta mlango kwa kiwiko
na kuandika kwa chaki maneno mawili:
moja juu, moja chini, katikati kiza.

Sheria tunazijua kama bei ya ndoo.
Badili herufi moja tu kila hatua.
Kila kipandio kiwe neno linalosemwa,
si jina la mtu, la mji wala la mlima.
Atakayefika kwanza anajaza dumu moja bure.

Juzi ilikuwa MOTO mpaka KITI:
moto, mito, miti, kiti.
Asumini alimaliza hajamshusha mtoto mgongoni.
Nikawaza kutwa, nikibangua korosho,
kwamba moto na mito vimeachana herufi moja,
na sisi huku juu tumeachana na mto
mteremko mzima wa mawe.

Leo ameandika BIBI. Chini, BABU.
"Hao si wanalala chumba kimoja!" watu wakacheka.
Nikaokota kaa, nikalaza dumu langu ubavu.

BIBI, BIBO.
Bibo ni tamu, ila halina mlango wa nyuma.
Ukishafika bibo unakwenda wapi?
"Kibo," akasema Hokororo wa bodaboda.
"Mlima," Chitanda akajibu bila kugeuka.
Nikalifuta kwa mate.

BIBI, BIDI.
Ndiyo, ilibidi. Ilimbidi bibi yangu
kuteremka bondeni usiku na mtungi,
kupanda tena jua likimchoma kisogo,
maji nusu, nusu nyingine imekunywa kanga.

BUDI.
Hili peke yake haliendi popote,
linataka "hana" mbele yake
kama mtoto anavyotaka mkono kuvuka barabara.

BUTI.
Kaa likasimama hewani.
Mabuti yapo. Yako chini ya kitanda chake,
ya mashamba ya mkonge, la kushoto panya wamezalia.
Babu alisema anakwenda Lindi siku mbili,
mabuti mazito kwa safari fupi,
akavaa ndara.

Foleni ikasogea. Nikasukuma dumu kwa goti.

BATI: mwaka korosho ilipolipa
bibi aliezeka nyumba, akishika ngazi mwenyewe,
fundi asije akasema ameangushwa na upepo.
BATA: sina la kusema. Hatujawahi kufuga bata.
Si kila kipandio kina habari,
vingine ni vya kukanyaga tu.
BABA: aliyezaliwa miezi mitatu
baada ya zile siku mbili.
BABU.

"Saba!" nikapaza sauti.
Chitanda akahesabu kwa kidole chenye chaki,
akabishia BIDI, eti hilo nalo ni neno?
Foleni nzima ikamjibu: "Imebidi!"
Akafungua koki.

Nyumbani bibi anachambua kisamvu kizingitini.
"Umechelewa."
Nikamwambia nimetoka kwake mpaka kwa babu,
herufi moja moja, hatua saba.
Akalivuta dumu, akasoma,
kwa kisomo chake cha jioni za zamani,
kidole kikifuata kaa na kuchafuka,
midomo ikitangulia sauti.
Kwenye BUTI kikakaa kidogo.
Kwenye BATA akaguna.
Alipofika chini kabisa akainua macho:
"Na mwenyewe, ulimkuta?"

Nikamimina maji mtungini, polepole,
nisilazimike kujibu.

Kesho, kasema Chitanda, ni herufi tano,
neno la kwanza LINDA.
Hatua moja tu kutoka hapo ni Lindi,
lakini majina ya miji hayaruhusiwi.